Hodi kwa Bi Mkubwa

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa shemeji yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, mama watoto, na watoto wenyewe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na si kama ulivyo kwenye ile picha uliyotutumia, umejifunga shali mpaka puani, tukabaki tunabishana kama ni wewe au ni mzigo mmojawapo wa huko ghalani kwenu. Mgongo unaendeleaje? Dada yako ananiambia umeanza tena kulalamika tangu wakupandishe kwenye ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Paka dawa, na uache kujifanya kijana. Na yule mdogo aliyeng'oka meno ya mbele, yameota? Na wewe mwenyewe, bado unajikohoza kabla ya kusema, kama mtu anayetaka kuhutubia mkutano?

Sisi huku hatujambo. Mimi ni mzima. Kila anayeniuliza namjibu hivyo hivyo, mzima, na si uongo, maana nakula, nalala, naamka, nashona. Mvua zimewahi mwaka huu. Lile bati lililokuwa likivuja juu ya kabati limezibwa, na fundi aliyeliziba ameacha nyayo zake za matope ukutani mpaka darini. Sijazifuta. Nitazifuta siku nitakayokumbuka.

Najua umeumia. Kila ulipopiga simu tangu tuzike, nimempa dada yako simu kabla hujamaliza hata kunisalimu, na yeye amenieleza kwamba unadhani nakulaumu kwa kutokuja kumzika kaka yako. Sikulaumu, shemeji. Ruhusa ya kazi haiokotwi njiani, hilo nalijua, na hata ungekuja ungemkuta kaburini. Sababu ni nyingine kabisa. Nikiitaja peke yake itaonekana ya kipuuzi, kwa hiyo niruhusu nianze na safari yangu ya msituni, nitaifikia taratibu.

Ndiyo, umesoma vizuri. Mimi. Msituni.

Unajua miaka yote niliyoolewa na kaka yako sikuwahi kukanyaga ndani ya ile hifadhi. Watu wanatoka nchi za mbali, wamevaa kofia za kila aina, wanapita hapa mbele ya dirisha langu kwenda kuwaona hao sokwe wakubwa, gorila, nami naendelea kushona kola za mashati ya shule. Kaka yako alinibembeleza sana. Alikuwa akilifuata kundi lile lile kila siku tangu hatujapata hata kitanda, alianza kulifuata likimkimbia, akalizoesha pole pole mpaka likakubali watu wakae karibu nalo na kulitazama. Humo ndani kulikuwa na jike moja la makamo, limekatika sikio, ndilo lililomkubali la kwanza. Akalipa jina la Bi Mkubwa. Akirudi jioni nilikuwa namuuliza, "Mke mwenzangu hajambo?" Naye anajibu bila aibu, "Hajambo, anakusalimu." Aliponiambia niende nikamwone, nilimwambia mimi ni bi mdogo, ndiyo, lakini siendi kumsalimu mtu asiyekuja kunisalimu. Ikawa ndiyo mzaha wetu mpaka mwisho.

Sasa kuhusu mimi, nikuambie ukweli kwa sababu wengine wote wameshaambiana. Tangu tuzike sijalia. Si kwamba najikaza, wala silii kwa ndani kama wanavyosema. Nimekufa ganzi tu, kama mguu ulioukalia vibaya, unaupiga kofi na unasikia mlio bila maumivu. Jirani wa upande wa pili alinishika mabega akaniambia, "Lia, mama. Lia utoe." Nikamwambia nitajaribu. Nilijaribu kweli, nikakaa kitandani nikasubiri kama anayesubiri maji ya bomba. Hayakuja, nikaenda kupiga pasi.

Kazi inakwenda. Kuna siku nilishona mfuko wa shati la mtoto wa shule upande wa ndani, nikaweka na vifungo, nikakunja vizuri, nikampa mama yake. Alilirudisha kesho yake, akaliweka mezani kimya kimya, akanishika mkono, akaondoka. Yule mama zamani angenitukana mpaka ukoo. Nilitamani anitukane.

Nimekaa hivyo hivyo mpaka siku wenzake kaka yako walipokuja nyumbani. Alikuja Mrefu, mkubwa wao, ambaye ni mfupi kuliko mimi, na kijana mwingine wanayemwita Mpya, kwa sababu ndiye aliyewekwa mahali pa kaka yako. Waliniletea mabuti yake ya mpira na chupa yake ya chai, ambayo ilikuwa bado na chai ndani. Nilidhani wameleta vitu na pole. Wakakaa pale kwenye benchi la wateja, wakawa wanatazama sakafu, mpaka dada yako akawaletea maji wakayanywa yote.

Ndipo Mrefu akasema, "Shemeji, sokwe wametukataa."

Akanieleza. Tangu kaka yako alipoanza kuugua, kundi halikubali mtu alisogelee. Wakifika karibu, dume kubwa, lile lenye mgongo wa mvi, linapiga kelele na kuvunja miti, majike yanabeba watoto, wanaingia kwenye makorongo ambako mtu hapiti. Wageni wamerudishwa njiani siku nyingi. Mkuu wa hifadhi amesema kundi likiendelea hivyo mpaka mwisho wa mwezi, njia itafungwa, wafuata nyayo watahamishwa, na sokwe wale wataachwa warudi kuwa wa porini kama walivyokuwa mwanzo. Maana yake, shemeji, ni kwamba kila alfajiri ambayo kaka yako aliamka akaenda kunyeshewa mvua, mpaka mvua ile ikamwingia mapafuni, ingekuwa kama hakuamka. Hilo lilinifanya niinue kichwa kutoka kwenye kitambaa. Hasira sikusikia, lakini kichwa niliinua.

"Na tunajikohoza kama yeye," Mrefu akasema. "Tunajikohoza mpaka makoo yanawasha. Hawasikii."

Hapa nikukumbushe tabia ya kaka yako mlangoni, ingawa unaijua. Watu wengine hupiga hodi. Yeye alikuwa anafika kizingitini, anajikohoza mara mbili, khm, khm, kwa ufupi, halafu anasimama. Haingii. Nyumba ni yake, mlango uko wazi, harufu ya chakula inamfikia pale nje, lakini haingii mpaka nimwitikie. Nami nilikuwa siitikii kwa neno. Nilifanya tu mm, kutoka kooni, bila kuinua macho kwenye cherehani, ndipo anavua mabuti. Siku nilizokuwa nimemkasirikia nilimwacha asimame, mpaka majirani wakaanza kumuuliza kama amefukuzwa. Nilijua ni tabia ya kazini. Aliwahi kuniambia sokwe hawapendi mtu anayewatokea ghafla, na kwamba wao wenyewe hujikohoza hivyo wakila, kuambiana kwamba mambo ni shwari. Sikuwahi kuulizia zaidi ya hapo.

Basi Mrefu, ili nielewe anavyofanya, akakaa sawa pale kwenye benchi akajikohoza. Khm, khm. Na kweli alikuwa amempatia. Dada yako, aliyekuwa jikoni, akadondosha mwiko.

Mimi nikafanya mm.

Sikukusudia. Lilitoka lenyewe, na macho yangu yalikuwa bado kwenye sindano. Mpya akaanza kuchezea kofia yake. Nilipoinua macho nikaona Mrefu ananitazama kama mtu aliyemkanyaga mtoto wa watu. Akasema, "Nisamehe, shemeji." Nikamwambia hakuna neno, lakini asirudie tena ndani ya nyumba hii. Walipokuwa wanaaga akaniuliza kama ningekubali kwenda nao siku moja, kwa kuwa masikio yangu yamemsikia kuliko ya kwao, labda ningegundua wanachokosea. Nilikubali. Usinisifu, nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji nguvu.

Tulikwenda Alhamisi moja ya mwezi uliopita, mimi na dada yako. Alisema hawezi kuniacha niende peke yangu kwa mke mwenza, akavaa kanga zake mpya mbili na viatu vya kanisani. Kwenye ofisi ya hifadhi kuna chumba kidogo cha kukagulia watu. Kuna beseni la maji ya dawa unakanyaga na viatu, kuna boksi la barakoa, na muuguzi mwenye kipimajoto amekaa kwenye kiti kilichofungwa kamba mguu mmoja. Sheria yao ni moja na haina mjomba: mwenye mafua, kikohozi au homa haingii, kwa sababu mafua yetu sisi tunayofutia kwenye kiwiko yanaweza kuwaua sokwe. Kaka yako mwenyewe alipoanza kukohoa kile kikohozi kibaya alijizuia, hakuingia tena. Alilala nyumbani akiwa anauliza tu kama wamekula.

Sasa dada yako alipoona mabuti yaliyopangwa ukutani, na nafasi moja tupu, akaanza. Unamjua dada yako akilia. Alilia kamasi zikatoka, macho yakavimba, akapiga chafya za kutosha kijiji kizima. Muuguzi akamwambia kwa upole, "Mama, wewe huwezi kuingia." Dada yako akasema si mafua, ni msiba. Muuguzi akasema anaamini, ila sokwe hawawezi kutofautisha na yeye pia hawezi. Akaniangalia mimi. Akanimulika macho, akanitazama pua, akanipima joto. Mkavu kabisa. Akasema, "Wewe uko sawa, pita."

Basi nikapita, mjane mkavu, na aliyejua kulia akabaki kwenye benchi na karatasi za kufutia pua. Kwa mbali nilijua kwamba hilo linachekesha. Nilijua kama unavyojua kwamba kuna mtu anapika chumba cha jirani.

Shemeji, msitu ule ni mkubwa. Nilidhani naujua kwa kuwa nimefua matope yake miaka yote hiyo, lakini kumbe nilikuwa najua matope tu. Ndani ni giza la kijani, miti imepanda juu mpaka shingo inauma, na maji yanadondoka hata mvua ikiwa imekatika. Tuliwaona mbega, weusi wenye mikia mirefu myeupe, wakiruka juu yetu, mmoja akasimama kutukodolea macho na kitu mdomoni. Tuliona hondohondo wawili, mabawa yao yana kelele kama cherehani yangu kabla sijaitia mafuta. Mrefu akanionyesha mavi ya tembo kwa fahari, kama anayemwonyesha mgeni sebule yake. Vipepeo walikuwa wengi, wamekaa juu ya yale mavi. Niliviona vyote hivyo vizuri. Ningeweza kuvihesabu. Lakini havikuniingia.

Kuna mahali nilikanyaga njia ya siafu. Mpya ndiye aliyeona, akapiga kelele, "Shemeji, miguu!" Nikatazama, nikawakuta wamepanda mpaka magotini, wameng'ata kweli kweli. Nilianza kuwatoa mmoja mmoja kama nyuzi zilizobaki kwenye pindo. Wale wanaume wawili walinitazama, wakatazamana. Baadaye Mrefu aliniuliza kama sikuumia, nikamwambia niliumia, ila ilikuwa kama inatokea kwa mtu mwingine.

Tulifika walipolala sokwe usiku, vitanda vyao vya majani vimetawanyika chini, vingine vidogo. Kutoka hapo wakafuata majani yaliyovunjika, mabua yaliyotafunwa, mpaka Mrefu akanyoosha mkono tusimame. Alishusha pumzi, akajikohoza. Khm, khm. Na hapo hapo akapiga hatua, moja, mbili, akapasua majani kwa mikono.

Mbele yetu pakalipuka. Dume lilipiga ukelele mmoja ambao niliusikia kifuani, mti mzima ukatikisika, kisha ukawa mshindo wa miili mizito inayokimbia, na mtoto mmoja analia. Halafu kimya. Mrefu akashusha mabega. "Unaona?" akaniambia. "Umesikia? Si ndivyo alivyokuwa anafanya?"

Nikamwambia, "Hukusubiri."

"Kusubiri nini?"

"Kuitikiwa."

Alinitazama kama ninazungumza lugha ya mbali. Nikamuuliza kaka yako alipojikohoza alifanya nini baadaye. Wakafikiri. Mpya, aliyewahi kufuatana naye wiki chache tu, akasema alikuwa anasimama kidogo. Mrefu akasema ndiyo, alikuwa anasimama, wakati mwingine anasimama sana, na wao walikuwa wanabaki huko nyuma wanamsubiri. Kisha akashika kichwa. "Sisi tulidhani anapumzisha goti," akasema.

Goti! Na kweli alikuwa na goti bovu, na kweli walikuwa wakimtania, wakimwita Mzee Taratibu, naye kwa ukaidi wake aliwaacha waamini hivyo. Miaka yote ile walikuwa wanamwona anapiga hodi na kusubiri aambiwe karibu, wao wanahurumia goti. Na alipoondoka wakachukua kikohozi wakaacha kusubiri, wakawa kama wale watu wanaosema hodi wakiwa tayari wamekaa kwenye kiti chako. Nani asingewakimbia?

Tuliwafuata tena, mbali kidogo, kwenye mteremko. Safari hii Mrefu akaniambia nitangulie mimi. Nikasimama mbele, nimevaa barakoa, miguu imevimba, mkononi nimeshika fimbo ya kaka yako niliyopewa kule ofisini. Mbele ni ukuta wa majani tu. Nikajikohoza mara mbili, kwa ufupi, kama alivyokuwa anafanya kizingitini, nikasimama.

Hakuna kitu. Maji yanadondoka. Nilisikia Mpya anataka kusogea, Mrefu akamshika. Nikaendelea kusimama. Nilikuwa sijawahi kusimama upande ule wa mlango, shemeji. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa ndani, ninayeamua. Sikujua kwamba ukiwa nje pale ni parefu hivyo. Nilikumbuka zile siku nilizomwacha asimame. Na siku zake za mwisho hapa nyumbani, alipokuwa anakohoa mfululizo, nikashindwa kujua kipi ni cha ugonjwa na kipi ananiita, nikawa siitikii chochote, nampa tu maji.

Kisha kutoka ndani ya majani ukatoka mguno mdogo wa koo, mzito, wa mtu aliyeshiba asiyetaka kuinuka. Mm.

Mrefu nyuma yangu akasema jina la Mungu kimya kimya. Tukaingia pole pole, tukachuchumaa mbali kwa kipimo kinachotakiwa. Walikuwepo. Dume limetupa mgongo wake wa mvi, linakula kama halituoni. Watoto wawili wanabingirishana. Na pembeni, chini ya mti ulioanguka, amekaa yeye, sikio limekatika, mikono imeegemea tumbo. Bi Mkubwa. Ni mzee kuliko nilivyomdhania. Ana mikunjo juu ya macho kama mtu anayefikiria deni la mwenzake.

Aliniangalia. Aliniangalia sana, kuanzia barakoa mpaka fimbo. Kisha akamwangalia Mrefu. Kisha Mpya. Kisha akainua shingo akatazama nyuma yetu, kule njiani tulikotoka, na hakuondoa macho. Alikuwa anasubiri mtu wa mwisho aingie. Na mimi, mtu mzima, niliyemwosha kaka yako uso kwa mikono yangu, niliyetupa udongo, nikageuka nikatazama nyuma.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na majani yanayorudi mahali pake.

Nilipogeuka tena alikuwa bado anatazama. Sikulia hata hapo. Lakini kitu kimoja nilikisikia, na kwa kuwa ndicho cha kwanza tangu tuzike, nakuandikia kilivyokuwa. Nilisikia wivu. Wivu wa kweli, wa moto, unaochoma hapa chini ya ziwa. Yeye hajaambiwa. Kwake yeye kaka yako amechelewa tu, goti linamsumbua, atakuja. Mimi nilikuwepo hospitali, mimi najua, na mke mwenzangu amekaa pale na majani yake, ameachiwa kusubiri. Nilimwonea wivu mpaka nikaikaba ile fimbo, ndipo nikajua mguu ule uliokufa ganzi ni wangu.

Tulirudi kabla ya saa ya wageni kwisha. Dada yako alikuwa bado pale kwenye benchi, amefanya urafiki na muuguzi, wanabadilishana namba za simu. Akaniuliza, "Umemwona?" Nikamwambia nimemwona, hajambo, anakusalimu. Akaanza tena kulia.

Juzi Mrefu alipita dirishani, akapiga hodi kwa neno lenyewe kama nilivyomwagiza. Amesema sasa wanasimama wote, wanajikohoza na kungoja, na kundi linawaitikia karibu kila siku. Mkuu wa hifadhi amekubali njia isifungwe. Mpya anasimama vizuri kuliko wote, ana subira. Nikamuuliza kuhusu Bi Mkubwa. Akasema bado akiwaona wanaingia anatazama nyuma yao.

Sasa nakuja kwenye simu. Kila unapopiga, shemeji, kabla ya kusema lolote unajikohoza mara mbili. Khm, khm. Pengine hujui hata kama unafanya. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema alizaa koo moja akaligawa kwa watu wawili, nami nilikuwa nacheka. Ile mara ya kwanza ulipopiga baada ya mazishi, nilipokea simu, ukajikohoza, nikakuitikia. Nilifanya mm, na nikageukia mlangoni. Halafu ukasema, "Shemeji, pole." Nikampa dada yako simu. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Sikuwa na hasira na wewe hata punje.

Nisalimie mama watoto, mwambie shali aliyoniletea bado naivaa. Wabusu wanangu, na yule mwenye pengo mwambie mama yake mkubwa anamsubiri amng'ate mkono kwa hayo meno mapya. Dada yako anakusalimu kwa sauti kubwa kutoka jikoni. Jirani anakusalimu, ameacha kuniambia nilie. Mrefu na Mpya pia wanakusalimu. Mungu akulinde na hiyo baridi, auwekee mgongo wako nguvu, akufungulie njia ya kuja, na kurudi kwako kuwe kwa heri.

Umesema utakuja Desemba. Njoo, chumba cha nyuma ni chako, nitafua mashuka, nitafuta na zile nyayo za fundi ukutani. Nitakupeleka ukamwone. Ila nakuomba jambo moja tu. Ukifika hapa nyumbani, usijikohoze mlangoni. Piga hodi kwa sauti, kama watu wote, utaje na jina lako. Kwa sababu ukijikohoza nitakuitikia, shemeji, halafu nitainua macho.

Ni mimi nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja, shemeji yako,

Bi Mdogo.